Machozi ya Askari na Machozi Yetu



Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulitazama pamoja filamu ya mwaka 2004 ya Peter Raymont iitwayo Shake Hands with the Devil. Ni filamu ya kweli, si ya maigizo. Inamfuata Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, kamanda wa askari wa Umoja wa Mataifa hapa Rwanda mwaka 1994, akirudi Kigali miaka 10 baadaye. Jeraha lake la moyoni linaonekana wazi.

Baadhi yetu tulilia. Mama mmoja akainuka akatoka. Tulipomfuata alisema, "Mimi nilipokimbia, nani alinipiga picha nikilia?"

Neno hilo halijatutoka. Je, ni haki kumlilia askari kabla ya kuwalilia wale aliotumwa kuwalinda?

Tusiwe wepesi kuhukumu. Dallaire aliomba askari zaidi. Badala yake, tarehe 21 Aprili 1994, Baraza la Usalama liliamua wabaki 270 tu. Yeye akabaki. Lakini kamera humpenda aliye hai, mwenye cheo, anayejua kujieleza. Pale ETO Kicukiro, tarehe 11 Aprili, askari wa Ubelgiji waliondoka wakawaacha watu wapatao 2,000. Wengi waliuawa siku ile ile, kule Nyanza. Hao nani atawafuata na kamera hadi nyumbani?

Yuko pia Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal. Alivuka vizuizi na watu garini mwake, akiwatania wauaji na kuwagawia sigara, mpaka kombora lilipomwua tarehe 31 Mei. Hakubaki kujieleza, habari zake tunazipata vinywani mwa wenzake na aliowaokoa. Kwetu sisi huo ndio ushuhuda ulio bora.

Tena jambo hili si la filamu tu. Tunao vijana waliobebeshwa bunduki kule Kivu wakiwa watoto, na tunao wajane wa bunduki zile zile. Wanaketi benchi moja. Tukiwasikiliza vijana peke yao, wajane wananyamaza. Tukiwafunga vijana midomo, tunawarudisha porini. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kuuliza wafanye nini (Luka 3), hakuwafukuza, wala hakuwasifu.

Yule mama amekubali kuja tena Jumapili ijayo, kwa sharti moja: filamu ikiisha, azungumze yeye kwanza.