Je, Wasiwasi wa Mzazi ni Upendo?



Vijana wenzangu, kwenye semina moja ya vijana tuliruhusiwa kuuliza maswali kwa karatasi, bila kuandika majina. Swali moja lilisomwa kwa sauti: "Mama yangu ananipigia simu mara sita kwa siku. Nisipopokea, natenda dhambi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Padre naye akacheka, akajibu kwa dakika mbili, tukaenda kula.

Sidhani kama lilikuwa swali la kuchekesha. Ndani yake yamefungwa maswali mawili mazito: wasiwasi wa mzazi ni upendo, au ni kitu kingine kinachovaa nguo za upendo? Na kama ni upendo, mimi mtoto nina deni gani kwake?

Sehemu ya sheria ni nyepesi, tuimalize. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2217, inafundisha kwamba mtoto akishakuwa mtu mzima na kujitegemea, wajibu wa kutii wazazi unakoma, ila heshima haikomi kamwe. Kwa hiyo binti anayejilipia kodi ya chumba, ambaye hakupokea simu ya nne kwa sababu yuko kazini, hajatenda dhambi. Lakini nina hakika aliyeandika ile karatasi hakuwa na shida ya sheria. Shida yake ni kwamba kila simu ya mama ikikatika bila kupokelewa, anajisikia kama mwizi.

Hali hiyo naijua. Mimi naishi Kimara, Dar es Salaam. Wazazi wangu wako Mbinga, mkoani Ruvuma, na wameishi kwa kahawa maisha yao yote. Mama anapiga asubuhi: umeamkaje. Anapiga mchana: umekula. Anapiga jioni: umefika. Akisikia kwenye redio kuna mafuriko Jangwani, anapiga tena, ingawa nimeshamweleza mara nyingi kwamba Kimara ni mlimani. Baba yeye hapigi. Baba anamuuliza mama, "Amepiga?" Huo ndio wasiwasi wa baba zetu wengi, unapitia mdomo wa mtu mwingine.

Na tuseme ukweli ambao hatupendi kuusema kanisani: ndani ya wasiwasi huo kuna hesabu pia. Kahawa iliuzwa nikasoma. Mkulima hana pensheni. Pensheni yake ni mimi. Nikigongwa na bodaboda leo, mama amepoteza mtoto na amepoteza uzee wake. Sioni aibu kulisema hilo wala simlaumu. Upendo wa watu maskini una mahesabu ndani yake, na hilo haliufanyi kuwa bandia.

Lakini bado nauliza, wasiwasi wenyewe ni upendo?

Babu yangu, mume wa bibi mzaa baba, alikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, kama walivyofanya wanaume wengi wa kusini enzi za mkoloni. Barua zilichukua muda mrefu, na mara nyingi habari ililetwa na mtu aliyerudi nyumbani, akiwa anaikumbuka nusu. Sisemi kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Wako waliokwenda wasirudi. Ninachosema ni kwamba wasiwasi wa bibi haukuwa na pa kukimbilia. Hakuwa na namba ya kubonyeza. Ilibidi akae nao jikoni, shambani, kitandani, na kwa kukaa nao muda mrefu ukageuka kitu kingine: ukawa Rozari, ukawa kumsimulia mtoto wake habari za baba yake, ukawa uvumilivu.

Wa kwetu unajibiwa kwa sekunde tatu. Mama anauliza umefika, najibu nimefika, umekwisha. Baada ya nusu saa umerudi na swali jingine. Ukiona tiki mbili za bluu na hakuna jibu, presha. Ukiona tiki moja ya kijivu, presha zaidi. Yaani tumeupa wasiwasi chombo cha kuujibu haraka, na nimegundua kwamba wasiwasi unaojibiwa haraka haushibi. Haupati muda wa kuwa sala. Haupati hata muda wa kuwa wazo.

Ndiyo maana nalipenda sana Tendo la tano la furaha, ambalo tunalisali kila Jumatatu na Jumamosi, mara nyingi mbio mbio kwa sababu ni la mwisho na watu wanataka kuondoka. Limo katika Injili ya Luka, sura ya 2. Mtoto wa miaka 12 amepotea. Maria na Yosefu wamesafiri siku nzima wakidhani yuko kwenye msafara na ndugu, kisha wanarudi Yerusalemu, na wanampata baada ya siku tatu. Fikiria siku tatu bila mtoto, mjini, baada ya sikukuu! Na Maria hafichi. Anamwambia wazi kwamba yeye na baba yake wamemtafuta kwa uchungu. Huyu ndiye Mkingiwa dhambi ya asili. Kwa hiyo tuondoe kabisa wazo kwamba mzazi akiumia moyo kwa ajili ya mtoto ameshatenda dhambi, au hana imani. Wapo walokole wa Kikatoliki (samahanini, ndivyo ninavyowaita) ambao wakikuta mama analia wanamrushia ndege wa angani na maua ya kondeni ya Mathayo 6 kama jiwe. Yesu alisema maneno yale kuwapunguzia watu mzigo.

Tazama sasa kinachofuata. Mtoto anatoa jibu, na Luka anasema waziwazi kwamba wazazi hawakulielewa. Anashuka nao Nazareti, anawatii. Na Maria anayaweka yote moyoni. Kisha Luka ananyamaza kabisa mpaka Yesu anapokaribia miaka 30. Maana yake Maria aliishi na jibu asilolielewa kwa miaka kama 18. Hatusomi kwamba alimfunga mtoto kamba, au kwamba kila alipokwenda kuchota maji alimuuliza, "Utaondoka tena?" Alilitafakari. Uchungu ule ule wa siku tatu, ukipewa muda, ukawa kutafakari. Nadhani ndiyo maana Kanisa limeliweka tendo hili kwenye furaha na siyo kwenye uchungu, ingawa kwa haki lingeweza kukaa pande zote mbili.

Mama mwingine alichelewa kufika hapo, na nampenda kwa sababu hiyo. Mtakatifu Monika alitaka kuwa karibu na mwanawe Augustino kila alipokwenda. Mwaka 383 hivi, huko Karthago, Augustino alitaka kuvuka bahari kwenda Roma. Mama akamng'ang'ania. Akamdanganya kwamba anamsubiri rafiki yake mpaka upepo wa safari upatikane, akamwacha alale kwenye kikanisa cha Mtakatifu Sipriani, na usiku huo huo akapanda meli. Asubuhi Monika alilia kama mwendawazimu. Kile alichokiogopa kuliko vyote ndicho kilichotokea: mtoto amekwenda mbali na macho yake. Na ni huko mbali, Milano, ambako Augustino alikutana na Askofu Ambrosi, akabatizwa naye Pasaka ya mwaka 387. Baadaye Augustino mwenyewe alieleza kwamba Mungu alimnyima mama yake ombi la siku ile ili ampe ombi la maisha yake yote.

Kuna jambo hapo kwa mzazi na mtoto. Monika alikuwa na maombi mawili na hakujua kwamba ni mawili. Moja: abaki hapa nimwone. La pili: awe wa Mungu. Wasiwasi unalijua lile la kwanza tu. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wa Kitume "Amoris Laetitia" wa mwaka 2016, namba 261, anawaambia wazazi karibu jambo hilo hilo: kumfuatilia mtoto kila hatua si kumlea, na swali kubwa si mtoto yuko wapi kwa mwili, bali yuko wapi katika maisha yake, anaamini nini, anatamani nini. Kwa Kiswahili cha Kimara: "Umefika?" ni swali zuri. "Unaendeleaje na moyo wako?" ni swali la upendo. Tabu ni kwamba la kwanza linajibiwa ukiwa umesimama kwenye mwendokasi umeshika bomba, na la pili linahitaji ukae chini.

Hapo ndipo sisi watoto tunapoingia, maana tumekaa tukiwajadili wazazi kana kwamba sisi hatuna kazi. Mwaka 1521 askari mmoja aitwaye Inyasi alivunjwa mguu na mzinga huko Pamplona, akalazimika kulala kitandani kwao Loyola kwa miezi mingi. Alikuwa mtu wa mbio na sifa. Kwa kukosa la kufanya, akaanza kuangalia mawazo yake mwenyewe. Akaona akiwaza sifa za vita, anafurahi kwa muda, kisha anabaki mkavu. Akiwaza kuishi kama watakatifu, anafurahi na amani inabaki. Aligundua hilo kwa sababu tu mguu ulimkataza kuondoka.

Mimi naitumia njia hiyo kwa simu za mama. Usiku, kabla ya kulala, dakika kumi, simu iko chumba kingine, napitia siku: simu ipi iliniacha mkavu, na ipi iliniacha na amani? Karibu kila mara jibu ni moja. Zinazoniacha mkavu ni zile nilizojibu "niko poa mama, nitakupigia." Zenye amani ni zile nilizopiga mimi, saa mbili usiku, nimeshakula, namweleza habari za kweli: bosi kanuna, mtoto kakohoa, nimeghairi kununua ile kochi. Simu moja anayopiga mtoto ni nzito kuliko kumi anazopiga mama. Sijui kwa nini ni hivyo, ila tangu nianze, zile za mchana zimepungua zenyewe bila kikao.

"Niko poa." Jamani, neno hili. Kijana mmoja wa kwaya yetu alipunguzwa kazini, akakaa miezi minne akiwaambia wazazi kila kitu kiko sawa. Alikuwa akikopa kwenye simu ili awatumie hela ya kawaida wasishtuke. Nia yake ilikuwa njema kabisa, hakutaka kumpandisha mama presha. Habari zilipofika nyumbani, kwa njia ya binamu kama kawaida, mama yake hakulia kwa sababu ya kazi. Alisema, "Miezi minne nilikuwa namshukuru Mungu, kumbe nilitakiwa kuomba." Mimi naona kauli hiyo inatosha kuhukumu kesi yote. Tunapowaficha wazazi shida zetu tunadhani tunawaondolea mzigo, kumbe tunawaondoa kwenye maisha yetu na kuwaachia wasiwasi mtupu, usio na jina wala nia ya misa.

Najua wapo watakaoniambia: wewe una mama mzuri. Wapo wazazi ambao wasiwasi wao ni fimbo. Binti haruhusiwi kuolewa na kabila fulani kwa sababu "tunakuhofia." Kijana anataka seminari, baba anaugua ghafla kila barua ya wito inapofika. Kwa hao Kanisa halina kigugumizi: Katekisimu namba 2230 inawataka wazazi wasiwashinikize watoto katika kuchagua kazi wala mwenzi wa ndoa. Waweza kushauri, na mtoto asikilize kwa heshima. Kusikiliza kwa heshima halafu kuamua tofauti si kuvunja amri ya nne. Lakini usiamue ukiwa na hasira ya simu ya dakika tano. Panda basi, nenda nyumbani, kaa nao siku tatu, lima nao, kula nao. Mara nyingine utagundua kwamba wana hoja. Yule mchumba kweli anabeti mshahara wote. Mara nyingine utagundua hawana, na utaondoka bila chuki.

Mwanangu ana miaka mitatu, Januari anaanza chekechea. Juzi nilimpigia mama kumweleza kwamba atakuwa anachukuliwa na gari la shule alfajiri. Akaniuliza, "Anaendeshwa na nani?" Nikajikuta nimemtajia jina la dereva, namba ya gari, na jina la dada anayewapandisha watoto. Kimya kidogo. Halafu mama akacheka, akacheka sana, na nyuma yake nikamsikia baba anauliza kuna nini. Alipotulia akasema, "Basi, mama, tusali." Tukasali palepale kwenye simu, Salamu Maria tatu. Dakika zangu zikaisha katikati ya ile ya tatu, nikaimalizia mwenyewe.