Mfereji wa Sauti: Nia ya Fundi na Hiari ya Mchezaji

Katika miteremko ya Mlima Meru, juu ya mji wa Arusha, tangu zamani maji hayakuachwa yajiendee yatakavyo. Wameru na Waarusha walichimba mifereji ya kuyatoa mitoni na kuyapitisha kwenye migomba na, baadaye, kwenye mibuni. Mto ni mmoja, lakini mfereji ukigeuzwa kwa jembe pahala padogo tu, shamba lililokuwa kavu huota na jingine hunyauka. Mwenye jembe hakuumba maji wala hakuyaongeza hata tone. Alichofanya ni kuyabadilishia njia. Tunauanza mjadala na mfereji kwa sababu swali letu lahusu njia. Mtu akikipitisha kitu katika njia ambayo aliyekitengeneza hakuikusudia, na kikazaa tunda jema, tunda hilo ni la nani? Na likiwa chungu, lawama ni ya nani?

Chombo kitakachotusaidia kulichambua swali hili ni kidogo: kinanda cha umeme cha kubebeka mkononi, ambacho wenye fani hukiita sinthesaiza. Ndani yake mna mifereji pia, ila kipitacho humo ni sauti. Kwanza kuna chemchemi, yaani sehemu inayozalisha mawimbi. Mawimbi hayo huingia kwenye chujio, likayapunguza ukali au uzito. Kisha huingia kwenye mwangwi, ukayarudiarudia. Mwisho hutokea kwenye spika. Fundi wa kiwandani ndiye aliyeupanga mpangilio huo, na kitabu cha maelekezo humfundisha mnunuzi kuufuata.

Sasa tuseme kijana mmoja wa Ngarenaro, Arusha, anacho kinanda kama hicho, nacho kina tundu la kutolea sauti na tundu la kuingizia. Siku moja, katika kuungaunga nyaya, anachomeka waya mmoja kutoka tundu la kwanza hadi la pili. Sauti iliyokwisha kutoka inarudi ndani, inapita tena kwenye chujio na mwangwi, inatoka na kurudi tena. Kila aliyepata kuhudhuria harusi anaujua ukelele wa kipaza sauti kilichosogezwa mbele ya spika. Asili yake ni hiyo hiyo. Kinachorudi kikiwa kingi kuliko kinachopotea njiani, sauti hukua mpaka ikawa yowe. Kikiwa pungufu kidogo, sauti hufifia polepole, ikibadilika rangi katika kila mzunguko. Kijana anapunguza, anaongeza, anageuza kitasa cha chujio, na baina ya yowe na ukimya anakuta mlio ambao haumo katika orodha ya milio ya kinanda: mlio kama wa upepo uingiao pangoni. Fundi hakuuweka. Kitabu hakikuutaja. Nao upo.

Je, amekosea matumizi? Aristotle alifundisha kwamba kila kitu kina lengo lake, na kwamba wema wa kitu ni kulitimiza lengo hilo: kisu ni chema kikikata. Kwa kipimo hicho, kinanda kinachovuma kama pango kimeharibika, na aliyekivumisha amekiharibu. Fikra hii ina nguvu yake. Bila hiyo tusingekuwa na njia ya kusema jahazi limeundwa vizuri au mlango umechongwa vibaya. Lakini inadhani jambo moja bila ya kulithibitisha, nalo ni kwamba lengo la chombo hukomea pale fikra ya fundi ilipokomea.

Historia ya muziki inaikataa dhana hiyo. Mwaka 1981 kampuni ya Casio ya Japani ilitoa kinanda kidogo kiitwacho MT-40. Midundo yake ya kujiendesha iliandaliwa na Okuda Hiroko, mwanamuziki kijana aliyekuwa ameajiriwa karibuni, na mmojawapo ulipewa jina la roki. Huko Jamaika, Wayne Smith na Noel Davey waliukuta mdundo huo, na ulipopunguzwa kasi ukawa msingi wa wimbo "Under Mi Sleng Teng" wa mwaka 1985, uliotayarishwa na King Jammy. Mamia ya nyimbo za Jamaika yakafuata juu ya msingi huo. Ajabu ni kwamba Okuda mwenyewe alikuwa mpenzi wa rege tangu chuoni. Huenda alichokipenda kilimponyoka mkononi kikaingia katika kazi bila ya yeye kukikusudia, na wageni wa mbali wakakisikia chini ya jina lisilo lake.

Hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta ushahidi. Katika miaka ya 1990, mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam ilizaa mchiriku. Vinanda vidogo vya Casio, vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu kujifunzia na kujiburudishia majumbani, viliunganishwa na spika za honi, za jamaa moja na zile zinazotundikwa kwenye minara ya misikiti, vikapigwa pamoja na ngoma. Spika za aina hiyo hukwaruza sauti, nao wapigaji waliupokea mkwaruzo ule kama sehemu ya ladha. Jagwa Music, mojawapo ya vikundi hivyo, kilitoa albamu ya kimataifa mwaka 2012. Kadhalika Kinshasa, kundi la Konono Nº1 lilikuza sauti ya likembe kwa vipaza sauti vilivyoundwa kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, na mkoromo wa mitambo hiyo ukawa utambulisho wao. Albamu yao "Congotronics" ilitoka mwaka 2004. Nyumbani mchiriku uliitwa kelele na muziki wa wahuni. Waliousema hivyo walikuwa wakikilinganisha kinanda na kusudio la kiwanda, ilhali wapigaji walikuwa wakikilinganisha na masikio ya watu waliokuja kucheza.

Hapa atainuka mpinzani na kusema: "Bahati si sanaa. Mbuzi akikanyaga kinanda, nacho kikalia vizuri, tumwite mbuzi mtunzi?" La hasha. Lakini mbuzi hatarudi kesho kuukanyaga ufunguo ule ule kwa sababu jana ulipendeza. Tofauti iko hapo. Mlio wa mara ya kwanza ni ajali. Wa mara ya pili, ukitafutwa, ni uamuzi. Baina ya mara hizo mbili kuna kazi ambayo haionekani: kusikia, kushangaa, kukumbuka ni waya gani uliokuwa wapi, kuchagua. Kusudio ambalo halikuwapo mwanzo huzaliwa baadaye, na anayelizaa ndiye mwenye kazi.

Wapenzi wa ushairi wanalijua jambo hili pengine kuliko wanamuziki. Mtunzi anayefunga ubeti wa mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, mara nyingi hukusudia neno moja, kina kikalikataa, naye akalazimika kutafuta jingine. Neno hilo lililokuja kwa shuruti ya kina huleta maana ambayo hakuwa nayo alipoishika kalamu. Akiiona, akaikubali na kuufuata ubeti uendako, hakuna amwambiaye kwamba shairi ni la kina wala si lake. Wala hakuna asemaye kwamba, maadamu maneno yote yamo kamusini, mshairi ni mtunga kamusi. Basi kwa haki gani twamwambia kijana wa Ngarenaro kwamba mlio ulikuwamo kinandani tangu awali, na kwa hiyo yeye hakufanya lolote?

Hata mwanamke wa pwani aliyevaa kanga mbele ya jirani yake amekwisha kulijibu swali hili. Mchapaji aliliandika jina la kanga akiwa hamjui huyo wala yule. Maneno ni yale yale dukani na mtaani, lakini yamegeuziwa mfereji, yakamfikia aliyekusudiwa. Jirani aliyepigwa na jina hilo hawezi kwenda kumlaumu mwenye kiwanda. Atamlaumu mvaaji, na atakuwa na haki.

Mfano wa kanga unatutoa katika sifa na kutuingiza katika dhima, na huko ndiko swali lilipo zito. Anayejidai mwenye tunda tamu hawezi kulikana tunda chungu. Turudi Meru. Maji ya chemchemi na mito mingi ya mlima huo hubeba madini ya floridi kutoka kwenye miamba ya volkano. Mto Maji ya Chai ni mmojawapo. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 za floridi kwa lita ya maji ya kunywa, na sehemu nyingi za huko hupita kiwango hicho. Meno ya watoto hupata rangi ya kahawia, na ikizidi sana mifupa huathirika. Waliochimba mifereji ya kwanza walikusudia uhai, na hapana wa kuwalaumu kwa kisichoonekana wala kuonjeka. Lakini tangu jambo lilipojulikana, kuyaacha maji yaende vile vile ni uamuzi wa mtu. Ndiyo maana huko Ngurdoto kimekuwapo kituo cha utafiti wa kuiondoa floridi majini kwa mkaa wa mifupa. Kanuni ni ile ile ya kinanda: mara ya kwanza ajali, mara ya pili uamuzi.

Na kuna jambo jingine ambalo kinanda peke yake hakiwezi kutufundisha. Kinanda hakina haki ya kudhulumiwa. Ukikipiga yowe, hakuna aliyevunjiwa heshima ila labda jirani aliyelala. Lakini si kila kinachopitishwa njia mpya ni chombo. Kundi la X Plastaz la Arusha, katika albamu "Maasai Hip Hop" ya mwaka 2004, liliuingiza uimbaji wa Kimaasai katika midundo ya hip hop, naye mwimbaji wa Kimaasai, Merege, alikuwa mmoja wao. Singeli ya Dar es Salaam nayo hukichukua kipande cha taarabu, kikaongezwa kasi mpaka fidla ikawa kama mdudu. Mpenzi wa taarabu hukunja uso. Kukunja uso si hoja, kwani hata kinanda cha umeme kilipoingia katika taarabu wapo waliokunja. Hoja ni hii: wimbo, tofauti na waya, una watu nyuma yake. Kusudio la fundi aliyeunda chombo halimfungi mchezaji. Lakini watu walioutunga na kuutunza wimbo wanadai kutajwa, kuulizwa inapowezekana, na kupata sehemu yao ya mapato. X Plastaz walimweka mwenye sauti jukwaani pamoja nao. Hicho ni kipimo kizuri, na hakimzuii yeyote kubuni.

Basi jibu letu ni kwamba nia ya aliyeunda chombo ni mwanzo wa njia, wala si ukuta mwishoni mwake. Anayekigeuza mfereji na kurudia kwa hiari alichokipata kwa bahati amekuwa mwenye tendo, kwa sifa na kwa lawama. Anastahili kuitwa mbunifu hata kama kiwanda hakimjui na mtaa unamwita mhuni. Lakini pamoja na jina hilo amechukua wajibu wa yule mwenye jembe mlimani: akiisha kuyageuza maji, ashuke akatazame yamefika shamba la nani, na yamebeba nini.