Mwigizaji na Mnafiki

Somo: Mathayo 6:1-18



Vijana wa hapa Sapiwi hawana haja ya kuambiwa Steven Kanumba alikuwa nani, lakini wazee wengine huuliza. Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, katika mkoa ambao Bariadi yetu nayo ilikuwamo mpaka Simiyu ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Alikwenda Dar es Salaam, na mwaka 2002 akajiunga na kikundi cha Kaole, ambacho michezo yake ilionyeshwa katika televisheni. Kisha akaingia katika filamu. Mwaka 2006 alicheza "Dar 2 Lagos" pamoja na waigizaji wa Nigeria, na jina lake likavuka mipaka ya nchi.

Usiku wa Ijumaa Kuu kuamkia Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, alifariki nyumbani kwake Sinza, akiwa na miaka 28. Mambo ya usiku ule yalifika mahakamani, wala si kazi yetu kuyarudia. Pasaka ile watu wengi waliiingia wakilia. Jumanne alizikwa makaburi ya Kinondoni, na maelfu walikuja kumuaga.

Wako Wakristo wasemao kwamba kazi ile ni ya uongo: mtu analia bila msiba, anaoa bila ndoa. Nimelifikiri neno hilo, kwa sababu Injili iliandikwa kwa Kiyunani, na neno la Kiyunani tunalolisoma "mnafiki" ndilo walilomwitia mwigizaji, yule mtu wa jukwaani aliyevaa kinyago usoni na kusema maneno ya mwingine. Je, Bwana alikuwa akiwahukumu waigizaji? Someni tena sura ile. Anaowataja ni watoao sadaka, wasalio na wafungao. Ni watu wa ibada. Ni sisi.

Angalieni tofauti yao. Mwigizaji hamdanganyi mtu. Aliyeketi kumtazama Kanumba alijua kwamba ni mchezo, na picha ilipokwisha majina ya wachezaji yalionyeshwa: huyu alikuwa fulani, na yule fulani. Kinyago kilivuliwa mbele ya wote. Lakini mnafiki havui. Huondoka nacho kanisani, hula nacho, hulala nacho, na mwisho husahau uso wake mwenyewe.

Msimu wa pamba ukifika, mtu huimwagia pamba yake maji, akachanganya na mchanga, ili mizani ipande. Jumapili husimama akaimba kwa sauti kuu kuliko wote. Mwingine hapa kanisani huitwa mzee mpole, na kumbe watoto wake wakisikia kikohozi chake mlangoni hutawanyika. Huo nao ni mchezo, ila watazamaji hawakuambiwa.

Nami niandikaye simo nje. Mwaka mmoja nilihubiri juu ya kusameheana, na watu wakafuta machozi. Siku ile nilikuwa na miezi saba sijasemezana na ndugu yangu wa tumbo moja, kwa ajili ya mpaka wa shamba. Baada ya ibada nilipita mbele ya nyumba yake nikitazama upande wa pili. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliniambia polepole, "Baba, mlango ni huku." Nilikasirika. Usiku sikulala. Kulipopambazuka nilibisha hodi. Mpaka wa shamba bado tunaubishania, lakini sasa tunaubishania tukiwa tumeketi pamoja.

Ndugu zangu, kijana yule wa miaka 28 hakuambiwa kwamba ule ulikuwa usiku wake wa mwisho, na sisi hatutaambiwa wetu. Mbele za Mungu hakuna jukwaa. Yeye aonaye sirini amekwisha kuuona uso wako tangu zamani, naye bado anakuita mwana. Basi unamfichia nani?

Kabla hamjaikaribia tena Meza ya Bwana, kila mtu na avue kimoja. Mwenye mizani aitengeneze. Mwenye ukali nyumbani awaombe watoto wake msamaha. Mwenye ndugu asiyesemezana naye, mlango anaujua.

Bwana awape ujasiri. Amina.