Kabla Hujakanyaga Chini

Wewe unayeshuka kitandani kwa kushika ukuta, nakuandikia wewe. Mwalimu unayesimama mbele ya ubao tangu kengele ya kwanza, muuguzi wa zamu, mlinzi wa getini, mama lishe uliye jikoni tangu alfajiri: mnaijua ile hatua ya kwanza ya asubuhi, kisigino kinachoma mpaka unatembelea vidole. Ukishazunguka kidogo maumivu yanapoa, unasema yamekwisha. Jioni unakaa, unainuka, yanarudi. Umeshaambiwa ni gauti, ni baridi, ni uzee, ni mfupa umeota, na hakukosekana wa kukunong'oneza kwamba umekanyaga kitu cha watu. Miezi inakatika unachechemea. Basi! Ugonjwa huu unatibika, na sehemu kubwa ya tiba yake ni kazi ya mikono na miguu yako mwenyewe.

Mjue kwanza adui yako. Chini ya unyayo kuna utando mnene unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kwenda kujishika kwenye mizizi ya vidole. Unyayo ni upinde, na utando huo ndio uzi wake: ukikanyaga, upinde unataka kulala, uzi unauzuia. Kazi hiyo unaifanya maelfu ya mara kwa siku. Ukiulemea kwa saa nyingi za kusimama juu ya saruji au marumaru, kwa ndala zilizolika, kwa uzito uliopanda, kwa mbio ulizoanza kwa pupa, au kwa misuli ya kigimbi iliyokaza, unaanza kuchakaa pale unaposhikana na kisigino. Madaktari wanauita ugonjwa huo plantafashaitisi. Usiku, unyayo ukiwa umelegea na vidole vimeelekea chini, utando unatulia ukiwa mfupi. Asubuhi unausimamia ghafla kwa uzito wako wote. Ndiyo maana hatua ya kwanza inauma kuliko zote.

Na ule mfupa ulioota unaooneshwa kwenye eksirei usikuvunje moyo. Watu wengi wanao na hawajawahi kuumwa kisigino hata siku moja. Mwaka 2003, Harvey Lemont na wenzake huko Marekani walichunguza vipande vya utando kutoka kwa watu 50 waliopasuliwa kwa tatizo hili, wakakuta uchakavu wa nyuzi zake badala ya uvimbe moto uliodhaniwa. Hiyo ni habari kubwa kwako. Kidonge cha maumivu kinaweza kukupa nafuu ya siku chache, lakini hakijengi kilichochakaa. Mwili hujenga pale unapopewa kazi, kwa kiasi, kila mara.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujakanyaga chini, kaa ukingoni mwa kitanda. Pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole vyote kwa kiganja, vivute kuelekea kwenye ugoko mpaka uvungu wa unyayo ukaze. Sasa pitisha kidole gumba cha mkono wa pili kwenye uvungu: utaukuta uzi wenyewe umesimama, mgumu, kutoka kisiginoni kuelekea kidole gumba cha mguu. Umeushika ugonjwa wako kwa mkono. Hesabu hadi 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, na kila unapotaka kuinuka baada ya kukaa sana. Zoezi hili lilipimwa na Benedict DiGiovanni na wenzake huko Rochester, New York, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003: baada ya wiki 8, waliolifanya walipata nafuu zaidi, hasa ya ile hatua ya kwanza, kuliko walionyoosha kigimbi peke yake.

Kunyoosha ni mwanzo tu. Utando unataka nguvu. Kunja khanga iwe mviringo mnene, iweke ukingoni mwa ngazi, kanyaga ili vidole vibetuke juu yake na kisigino kibaki hewani. Shika ukuta. Inua kisigino polepole kwa sekunde 3, tulia juu kwa sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Mara 12, pumzika, kisha tena, mpaka zitimie seti 3. Siku moja fanya, siku inayofuata pumzika. Mguu mmoja ukikushinda, anza na yote miwili. Ukizoea, beba begi lenye vitabu mgongoni. Huko Denmark, Michael Rathleff na wenzake waliwafuatilia watu 48, na baada ya miezi 3 waliofanya hivi walikuwa mbele sana ya walionyoosha tu. Baada ya mwaka makundi hayo mawili yalikaribiana, ila miezi ya kuteseka uliyoiokoa ni yako. Utasikia maumivu ukifanya, usiogope. Kesho yake yakiwa makali kuliko kawaida, punguza seti, lakini usiache.

Viatu navyo. Ndala iliyolika kisiginoni itupe leo. Ukienda mitumbani kutafuta raba, shika kiatu ncha kwa ncha ukikunje: kikikunjika katikati, kirudishe, kinapaswa kukunjika pale vidole vinapokunjika. Ndani ya nyumba yenye marumaru usitembee peku. Jioni gandisha chupa ya maji, izungushe taratibu chini ya unyayo. Sindano ya steroidi isiwe kimbilio lako la kwanza: nafuu yake ni ya muda, na inaweza kukondesha mafuta ya kisigino au kusababisha utando kukatika. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au ugonjwa wa figo asimeze vidonge vya maumivu vya diklofenaki kwa kujinunulia.

Kuna wa kwenda hospitali bila kuchelewa: mwenye kisukari, mwenye ganzi, anayeumwa hata akiwa amelala, aliyevimba au mwenye homa, aliyeanza kuumwa baada ya kuanguka au kuruka.

Niseme na waajiri pia, maana jambo hili linaniuma. Mlinzi wa saa 12 getini bila hata kigoda, muuza duka aliyekatazwa kukaa ati wateja watamwona mvivu, hao mnawavunja. Wapeni kiti. Wafanyakazi, kiombeni kwa pamoja, bila haya.

Wengi wa wanaougua hupona ndani ya mwaka bila kisu. Wapo wanaoacha mwezi wa pili, wanapoona kama hakuna kinachobadilika. Usiwe wao. Kila asubuhi andika kwenye simu maumivu ya hatua ya kwanza, kutoka 0 hadi 10, na ulinganishe wiki kwa wiki, si siku kwa siku. Namba ikishuka, mtafute mwenzako wa zamu anayechechemea, mvulishe kiatu, umwoneshe pa kuweka kidole gumba.