Mgeni wa sayari ya mbali na mgeni wa mlangoni



Mjadala wa gemu za kompyuta na simu katika mitaa yetu umekuwa ni wa watu wawili wasiosikilizana. Wa kwanza ni mzazi, ambaye kwake yote ni upuuzi na yote ni haramu. Wa pili ni kijana, ambaye jibu lake ni moja tu: "Ni mchezo." Katika makala haya nakusudia kuonesha kuwa wote wawili wamelikwepa swali lenyewe. Swali ni hili: mtu anapotenda jambo ndani ya mchezo, dhidi ya viumbe wasiokuwepo, tendo hilo linamhusu kiasi gani yeye ambaye yupo?

Swali hili liliulizwa darasani, hapa Makorora ninakofundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alitaka kujua kama kuangamiza sayari nzima yenye viumbe, ndani ya gemu, kunaandikwa dhambi. Wenzake walicheka. Mimi niliona lina uzito, na kwa kuwa maulamaa wametufundisha kwamba hukumu juu ya kitu hutanguliwa na kukijua kitu chenyewe, nilikaa naye siku kadhaa mbele ya kompyuta yake, nikitazama na kuuliza.

Gemu anazocheza si zile za mpira ambazo vijana hulipia vibandani. Hizi ni gemu za mikakati. Mchezaji huanza na mji mmoja au sayari moja, akajenga, akakusanya mali, akatafuta elimu, akafunga mikataba na akapigana vita. Mashuhuri miongoni mwake ni Civilization iliyotoka mwaka 1991, Master of Orion ya mwaka 1993, StarCraft ya mwaka 1998 na Stellaris ya mwaka 2016, iliyotengenezwa na kampuni ya Paradox ya Sweden. Mwandishi wa Marekani, Alan Emrich, alipokuwa akiielezea Master of Orion mwaka 1993, aliufupisha mtindo mzima kwa vitenzi vinne: kuchunguza, kupanuka, kuvuna na kuangamiza. Naomba msomaji avishike vitenzi hivyo, tutavirejea.

Tuanze na lililo jepesi. Je, ni kosa kwa Muislamu kuwaza kuwa kuna viumbe katika sayari nyingine? Hapana. Aya ya 29 ya Surat Ash-Shura inataja viumbe ambao Mwenyezi Mungu (s.w.) amewaeneza katika mbingu na ardhi, na kwamba anao uwezo wa kuwakusanya atakapo. Wapo wafasiri waliosema waliokusudiwa mbinguni ni malaika, na wapo walioacha mlango wazi. Imamu Fakhruddin Razi, aliyefariki mwaka 1210, alipofasiri Surat Al-Fatiha na kufika kwenye sifa ya Mola wa walimwengu wote, aliandika kuwa Mwenyezi Mungu anao uwezo wa kuumba maelfu kwa maelfu ya walimwengu nje ya ulimwengu huu. Kufikia mwaka 2022, wanafalaki walikuwa wamethibitisha sayari zaidi ya 5,000 zinazozunguka nyota nyingine. Kama zina uhai au hazina, Allah ndiye ajuaye. Kuwaza tu hakujawahi kuwa ukafiri.

La pili ni mchezo wenyewe. Hapa mzazi anayeharamisha yote akumbuke kuwa gemu ya mikakati si kitu kigeni katika fiqhi. Sataranji ni mchezo wa vita: kuna mfalme, kuna jeshi, na kila upande unatafuta kuushinda mwingine. Maulamaa walihitilafiana. Wengi wa madhehebu nyingine waliuharamisha, lakini katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii, kauli mashuhuri ni kuwa ni makuruhu, maadamu hakuna kamari na hakumpotezi mtu Swala. Nao watu wazima wa barazani wanaocheza bao kutwa nzima, wakila kete za wenzao, hawajaambiwa na yeyote kuwa ni wauaji.

Kwa hiyo nilimjibu mwanafunzi wangu kuwa kumuua asiyekuwepo si kuua. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa umma huu umesamehewa yale ambayo nafsi inayazungumza, maadamu mtu hajayatenda wala kuyasema. Basi je, kijana ameshinda kesi? Hata kidogo. Ameshinda nusu tu.

Imamu Ghazali anaeleza katika Ihyaa kuwa tabia hupatikana kwa mazoezi. Anayetaka kuwa mwandishi hodari wa khati huuiga mwandiko mzuri kwa mkono wake, tena na tena, mpaka kile alichokuwa akijilazimisha kinakuwa tabia yake. Kinachofanywa na kiungo, anasema, huacha athari moyoni. Sasa tujiulize: anayekaa saa nne kila usiku akifanya mazoezi ya vile vitenzi vinne, anakuwa hodari wa nini?

Sisemi kwamba kijana atazima kompyuta aende kuua watu. Nasema jambo dogo zaidi, na kwa maoni yangu la hatari zaidi. Kete ya bao haina uso. Lakini mkaazi wa sayari ndani ya gemu amepewa sura, jina, lugha na mji. Kisha mchezaji anafundishwa kumtazama mwenye sura, jina na mji kama kizuizi kilichokaa juu ya madini. Katika Civilization VI ya mwaka 2016 kuna watu wanaojitokeza kwenye ardhi ambayo hakuna dola inayoiona. Hao wameitwa washenzi, na anayezivunja kambi zao hupewa dhahabu. Zanzibar nayo imo katika gemu hiyo, lakini kama mji mdogo ambao mchezaji hawezi kuuongoza. Faida yake ni kuwa dola inayouweka chini ya himaya yake hupata mdalasini na karafuu.

Ndugu msomaji, je, hadithi hii hatuijui? Mwaka 1505 meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida zilifika Kilwa na kisha Mombasa, miji yote miwili ikaporwa. Mwaka 1884 Karl Peters alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoijua, na Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akaitia muhuri mali hiyo. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilipoanza kuushika mwambao, Pangani ikawaka moto. Bushiri bin Salim aliyeongoza mapambano hayo alinyongwa palepale Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kwa waliokaa Berlin na ramani zao, babu zetu walikuwa ndio viumbe wa sayari ya mbali.

Wazungu wenyewe walilijua hilo. H. G. Wells wa Uingereza, alipotoa kitabu chake cha mwaka 1898 kuhusu watu wa Mars kuivamia Dunia, aliwakumbusha wasomaji wake katika sura ya kwanza yaliyowapata wenyeji wa Tasmania mikononi mwa wahamiaji kutoka Ulaya.

Hata hivyo uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Neno mshenzi hatukulipokea kwa Mjerumani. Watu wa mwambao ndio waliowaita hivyo watu wa bara, na Pangani hiyohiyo ilikuwa mlango wa misafara ya pembe na ya watumwa. Sisi wa Mrima tumekaa pande zote mbili za mchezo huu. Ndiyo maana haitutoshi kulalamika kuwa gemu ni za Wazungu. Tabia ya kumwona mwingine kuwa si mtu kamili haina taifa. Ni maradhi ya nafsi, na mazoezi huyalea.

Isifahamike kuwa gemu zote zinalazimisha maangamizi. Katika Stellaris mchezaji anaweza kuikuta sayari yenye watu ambao bado hawajajua kuruka angani. Anaweza kuwatazama kwa mbali bila kuwagusa, anaweza kuwaelimisha, na anaweza kuwavamia. Anaweza kujenga umoja na mataifa mengine, au kutangaza kuwa kila asiye wa jinsi yake auawe. Nilimwuliza mwanafunzi wangu kwa nini kila mara huchagua kuvamia. Akasema: "Ustadhi, ndiyo njia ya haraka." Jibu hilo lilinifahamisha zaidi kuliko gemu yenyewe. Aliyezowea kuwa uadilifu ni uchaguzi wa wazembe hatauacha msemo huo kwenye kompyuta. Atakwenda nao dukani, ofisini na kwenye ndoa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Gemu hizi siku hizi huchezwa kupitia intaneti. Viumbe wa kwenye kioo hawapo, lakini wachezaji wapo. Kijana wa Makorora yuko kundi moja na wa Muscat, wa Nairobi na wa Poland, wanaongea kwa sauti usiku kucha kwa kuwa bando la usiku ni rahisi. Hapa ile hoja ya "ni mchezo tu" inaanguka yenyewe. Tusi analolitoa linaingia katika sikio la binadamu. Uongo anaousema ni uongo. Na wema pia ni wema. Mwanafunzi wangu alinieleza kuwa alipougua malaria, wenzake wa kwenye gemu ndio waliomuulizia mwanzo, kabla ya jirani yeyote. Wazee wenzangu, kabla hatujawalaumu hao wa mbali, tujiulize sisi wa karibu tulikuwa wapi.

Lakini kijana huyohuyo, mama yake alipomwomba amsindikize Bombo hospitali asubuhi, hakuamka. Usiku ule alikuwa amewaahidi wenzake vita ya saa nane, naye alijitetea kuwa ahadi ni deni. Ni kweli, ahadi ni deni. Ila madeni yana mpangilio wake, na hakuna ruhusa ya kulipa deni la sunna kwa fedha ya faradhi. Mama ana haki, Swala ya Alfajiri ina haki, na mwili una haki. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nayo ingawa anaona madhara.

Katika Kiswahili, yule asiyejulikana anayetoka mbali na yule anayekaribishwa na kuandaliwa chakula wanaitwa kwa neno moja: mgeni. Wahenga wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na dini imeufanya ukarimu kwa mgeni kuwa alama ya kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho. Kwa hiyo mtu wa pwani ana kipimo chake mwenyewe cha kuzipimia gemu hizi: je, zinamfanya awe mwepesi zaidi wa kumpokea mgeni, au mwepesi zaidi wa kumfuta?

Mzazi asianze kwa kuvunja kompyuta. Akae na mwanawe, atazame, aulize anawafanyia nini watu aliowakuta katika sayari ile, na kwa nini. Amwulize pia majina ya wale anaozungumza nao usiku, na kama wamewahi kusalimiana vizuri. Kijana naye ajiulize kama jirani wa ukuta mmoja anamfahamu kwa jina, au yeye ndiye amekuwa kiumbe wa sayari ya mbali katika nyumba ya mama yake.

Wabillahi tawfiq.