Hofu ya Tiketi

Vijana waliniletea ombi: tarehe 31 Oktoba tufanye usiku wa kutisha, tupate pesa ya mabati. Wameona kwa simu. Sikuwafukuza, tulikaa tukalinganisha. Kule California, Knott's Berry Farm walianza 1973. Universal ya Orlando wakafuata 1991: nyumba za giza, watu wamejipaka damu bandia, misumeno ya injini ikinguruma. Disney yao ni ya peremende, hata watoto wanaenda. Lakini zote unalipa tiketi ukijua anayekutisha hatakudhuru, na mlango wa kutokea upo.

Nikawauliza, na hapa Ewuaso? Fisi akizunguka boma saa nane usiku, mlango wa kutokea uko wapi? Tuna mama hapa kanisani, tangu azike mzee wake halali. Upepo ukigusa bati anashtuka. Yeye hakununua tiketi. Nimwalike aje tumtishe? Tukafungua 2 Timotheo 1:7.

Kimya. Halafu mmoja akasema, "Pasta, si basi tukakeshe kwake?"

Ijumaa walienda sita, na matochi. Waliimba hadi alfajiri. Mama aliwapikia chai, kisha, wakiwa bado wanaimba, akasinzia kitini.

Mabati tutachanga Jumapili.