Uzito wa Mzigo

Nyumba yangu iko upande wa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, karibu na njia waliyopita wapagazi wa Kinyamwezi kwenda Bagamoyo. Mpagazi yule hakuwa punda, ndugu msomaji. Alifanya kazi kwa ujira, akajua uzito wa mzigo wake, na ulipozidi desturi, yaani kama frasila mbili, alikuwa na ulimi wa kugomba. Hayo niliwaeleza wanachuo wangu miaka mingi nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Sikudhani somo hilo lingenigeukia.

Mdogo wangu, tuliyenyonya ziwa moja, figo zake zimekufa. Amepanga chumba Mwanza, na mara tatu kwa juma huunganishwa na mashine ya kusafisha damu, saa nne kila mara. Nilidhani mashine ndiyo yote. Kumbe figo haichuji taka tu. Hutengeneza pia homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Kazi hiyo mashine haiiwezi. Zamani wagonjwa wengi wa namna hii walitegemea kuongezewa damu ya watu wengine. Mwaka 1977 Eugene Goldwasser na wenzake, huko Chicago, waliipata homoni hiyo ikiwa safi kutoka katika lita zipatazo 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa Japani, na mwaka 1989 dawa yake ikaruhusiwa Marekani. Mkojo! Kitu tunachokimwaga bila kukitazama.

Damu ya mdogo wangu ilishuka hadi gramu 7. Akawa hawezi kupanda kilima kurudi chumbani kwake bila kukaa njiani mara tatu. Akaandikiwa sindano za homoni hiyo. Aliponiuliza nani analipa, nikamjibu, "Bima." Haikuwa kweli. Nilikuwa nimeuza sehemu yangu ya shamba la miembe alilotuachia baba, nami nilijua kwamba angalijua, angalizikataa sindano.

Damu ikapanda, akaanza kucheka tena kwenye simu. Ilipofika gramu 10 na nusu, mimi, kwa tamaa, nikamwomba daktari aisukume hadi 14, awe kama mtu mzima wa afya. Daktari akakataa. Alinieleza kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa wagonjwa wa figo waliosukumwa karibu na kiwango cha watu wazima wa afya walipata madhara zaidi ya moyo na vifo, na mwingine wa 2009 ukaonyesha kiharusi kuongezeka. Tena akaniambia kwamba homoni bila madini ya chuma mwilini ni kumwamuru mpishi apike bila unga.

Niliondoka pale nikiwaza. Dawa ina kipimo, na daktari anakiheshimu hata ndugu wa mgonjwa anapolia. Huruma yangu mimi ilipimwa na nani? Nilijitetea kwamba uwongo wa kuokoa roho si uwongo. Huenda ni hivyo kwa mtu aliyezimia. Lakini mdogo wangu ana akili timamu. Alikuwa karani wa reli miaka thelathini, na mahesabu ndiyo maisha yake. Nilimtibu damu nikamnyang'anya hesabu.

Siri ilifichuliwa na mnunuzi wa shamba, aliyempigia simu kumsalimu kwa nia njema kabisa. Mdogo wangu hakunifokea. Alisema tu, "Kaka, njoo na risiti."

Nilipanda basi nikaenda. Alivaa miwani, akazijumlisha zote kwenye daftari, akakuta nimekosea kujumlisha kwa shilingi elfu kumi na mbili. Akazungusha jibu lake kwa kalamu nyekundu, akaniuliza wajukuu wangapi bado wako shule, nikamtajia. Alinyamaza muda mrefu.

"Tuendelee hadi Desemba," akasema, "halafu tukae tena."